Usiulize i5 au i7, geuza kwanza mashine uone pawa saplai

Ukiingia duka la kompyuta Kariakoo, au Luthuli Avenue kule Nairobi, ukasema unatafuta mashine ya gemu, utajibiwa kwa prosesa, yaani ubongo wa mashine, kama i5 au i7 za Intel. "Kaka, hii ni i7 ya mtoni, inakula gemu lolote." Inawezekana ni i7 kweli. Ila i7 ya kizazi cha 3 ni ya mwaka 2012, na i3-12100 iliyotoka mwanzoni mwa 2022 inaiacha mbali sana. Tena prosesa ni kitu cha kubadilisha kwa nusu saa, kama mazabodi inakuruhusu. Cha kuangalia kama unataka mashine ya kukaa nayo miaka minane ni vile vitu vitatu ambavyo muuzaji havitaji kabisa: kasha, pawa saplai (boksi la kulisha umeme) na mazabodi (bodi kuu inayobeba vyote). Vikiwa vya vipimo vya kawaida vya ATX, unailisha mashine kidogokidogo kadiri mfuko unavyoruhusu. Vikiwa vya kampuni moja tu, mashine ilishafika mwisho wake siku uliyoilipia.

Tuanze na zile zilizojaa sokoni, yaani OptiPlex za Dell, EliteDesk za HP na ThinkCentre za Lenovo zilizostaafu maofisini Ulaya. Ni mashine imara na bei yake inavumilika. Zinakuja kwa maumbo matatu. Ile ndogo kama kitabu kinene (Micro, Mini au Tiny, kutegemea kampuni) iache kabisa kwa kazi hii. Kadi ya kawaida ya michoro haiingii, na RAM yake ni fupi, ya laptopu, hivyo hata hiyo huwezi kuihamishia kwingine. Umbo la pili ni lile jembamba la kulala au kusimama, SFF. Linapokea kadi, lakini fupi ya kimo tu, zile zenye bati la nyuma la nusu. La tatu ni tawa kamili, MT. Kama ni lazima uanzie kwa mashine ya ofisi, chukua tawa hata kama SFF iliyo kando yake ina prosesa nzuri zaidi.

Sasa fungua ubavu uangalie waya mnene unaotoka pawa saplai kwenda mazabodi. Kwa kompyuta ya kawaida plagi hiyo ina pini 24. Dell walianza kuweka pini 8 zao wenyewe kwenye OptiPlex 9020, HP wakaweka 6 kwenye EliteDesk 800 G1, na ThinkCentre nyingi za miaka hiyo zina 14 au 10. Maana yake, pawa saplai ikiungua, au ukihitaji kubwa zaidi, ya dukani haichomeki. Kuna adapta za kubadilisha pini 24 kuwa 8, 6, 14 au 10, na zinafanya kazi vizuri tu, ila uwe umehakikisha modeli yako kabla ya kuagiza, na kwenye SFF hata ukiwa na adapta, boksi la ATX halina pa kukaa. Ukisema basi utatoa mazabodi hiyo uiweke kwenye kasha jipya, utakuta nyaya za swichi ya mbele nazo ni za kwao, na Dell kadhaa zitakudai ubonyeze F1 kila unapowasha kwa sababu hazioni waya wa mbele au feni yao.

Pawa saplai hizo ni za wati kati ya 200 na 300 hivi na mara nyingi hazina waya wa ziada wa kulisha kadi. Unabaki na kile kinachotolewa na tundu la PCIe lenyewe, pale kadi inapochomekwa, wati 75. Kadi zinazoishi ndani ya hizo 75 zinahesabika: GTX 1050 Ti, GTX 1650 zisizo na plagi (kuna za plagi ya pini 6, angalia), RX 6400, na RTX 3050 ya GB 6 iliyotoka 2024, ambayo ndiyo bora kati yao. Usichanganye na RTX 3050 ya GB 8. Hiyo inataka plagi. RX 6400 nayo ina mtego wake. Inatumia njia nne tu za PCIe, na mashine za ofisi za kizazi cha 10 kurudi nyuma zina PCIe 3.0 au chini yake, kwa hiyo kadi inabanwa koo na gemu linakatakata kumbukumbu yake ya GB 4 inapojaa. Na 1050 Ti, hata ukiipata kwa bei ya kutupa, Nvidia walisitisha draiva za gemu mpya kwa familia hiyo ya GTX 10 mwezi Oktoba 2025. Zimebaki za usalama tu.

Mwezi huohuo, tarehe 14, Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10. Windows 11 rasmi inataka Intel ya kizazi cha 8 au Ryzen 2000 ya AMD kwenda juu, pamoja na TPM 2.0 (chipu ya usalama). Watu wanailazimisha kwenye mashine za zamani na inakubali, ila magemu ya ushindani hayana utani. Valorant kwenye Windows 11 inadai TPM 2.0 na Secure Boot (ukaguzi wa usalama mashine inapowaka), na Battlefield 6 inadai Secure Boot. Kwa hiyo mstari wa chini kwa mashine ya ofisi ni kizazi cha 8: OptiPlex 3060, 5060, 7060, EliteDesk 800 G4 na wenzao. Utaisoma kwenye namba ya prosesa, i5-8500 ni cha 8, i5-4570 ni cha 4. Kibandiko cha mbele kilichoandikwa "i7" bila namba hakikwambii kitu.

Ukiinunua, inunue ukijua kipi utaondoka nacho. Kadi, SSD, skrini na RAM ya DDR4 (DDR3, DDR4 na DDR5 ni vizazi vya RAM, haviingiliani) vinahamia kwenye mashine ijayo. RAM ya DDR3 haihami, inabaki humohumo hadi kiama. Na kizazi cha 6 kinachanganya watu, kwani OptiPlex 3040 na 5040 zina DDR3L wakati 7040 ina DDR4. Chomoa kijiti kimoja usome.

Pawa saplai: soma kibandiko, si herufi kubwa

Kama unajenga upya kwa vipuri vya kawaida, pesa ya kwanza iende hapa. Nasema hivyo nikijua hakuna anayefurahia kununua pawa saplai. Lakini ndiyo kifaa pekee kinachoweza kuua vingine vyote kwa mpigo mmoja.

Boksi za bei ya chini zimeandikwa 500W kwa herufi kubwa. Geuza ubavuni, kuna jedwali dogo. Tafuta safu ya +12V, uone ampea. Boksi nyingi za namna hii zina 18A. Zidisha, 12 mara 18 ni wati 216. Hizo ndizo wati zako, kwa sababu prosesa na kadi vyote vinakula kwenye 12V. Zilizobaki mpaka kufika 500 zimehesabiwa kwenye 3.3V na 5V ambazo mashine ya leo inazigusa kidogo tu. Sasa weka Ryzen 5 5600, ambayo ikibanwa inavuta wati 76, na RX 6600 ya wati 132. Jumla 208. Umebakiwa na wati 8 za feni, diski na mazabodi yenyewe, na hapo hatujahesabu kwamba kadi huruka juu ghafla kwa sekunde ndogo kupita kiwango chake. Mashine itawaka, Windows itafunguka, YouTube itacheza. Ukiingia gemu zito, dakika ya tano inazima na kujiwasha yenyewe. Fundi atakwambia RAM. Atabadilisha RAM. Itazima tena.

Ya wati 550 iliyo halisi huandikwa 45A hivi kwenye 12V, yaani wati 540. Mimi ningenunua 650W yenye cheti cha 80 Plus Gold au Bronze kutoka kampuni inayotoa dhamana ya miaka mitano au zaidi, nikaacha kuifikiria kwa kadi mbili zijazo. Cheti chenyewe kinapima upotevu wa umeme, hakipimi ulinzi, kwa hiyo muda wa dhamana unakueleza zaidi kuliko rangi ya nembo.

Angalia pia volti za kuingia. Nzuri zinasema 100–240V. Zilizoandikwa 200–240V hujizima mtaa ukiwa na umeme mdogo, ile saa mbili usiku kila mtu amewasha feni na jiko. Na ukiona kijiswichi chekundu nyuma cha 115/230, hakikisha kiko 230 kabla ya kuchomeka. Kikiwa 115 utasikia mlio mmoja na harufu, basi.

Kosa jingine la gharama ni kuchanganya nyaya za pawa saplai zinazochomoka. Upande wa boksi hakuna kanuni ya mpangilio wa pini, kila kampuni na wake, hata modeli mbili za kampuni moja zinaweza kutofautiana. Waya wa SATA wa boksi la zamani unaingia vizuri kabisa kwenye boksi jipya na kupeleka 12V mahali pa 5V. Diski inakufa na picha zako zote. Ukibadilisha boksi, badilisha na nyaya zake zote.

Mazabodi ndiyo umri wa mashine

Hapa historia inafundisha. Aliyenunua mazabodi ya AM4, soketi (kiti cha prosesa) ya AMD, mwaka 2017 akaweka Ryzen 5 1600, anaweza leo kusasisha BIOS (programu ya ndani ya bodi) na kuchomeka Ryzen 7 5700X3D iliyotoka Januari 2024, kwa bodi nyingi, bila kugusa kingine. Aliyenunua Intel mwaka huohuo alikuwa na soketi ya 1151 ya kizazi cha 7. Kizazi cha 8 kikaja na soketi yenye jina lilelile, pini 1151 zilezile, na hakiwaki kwenye bodi yake. Kisha 1200 mwaka 2020, kisha 1700 mwaka 2021, na sasa 1851. Kila hatua bodi mpya.

AM4 imefika ukingoni lakini bado ni chaguo la heshima kwa mwenye bajeti ndogo, kwa sababu moja kubwa: DDR4. Tangu mwishoni mwa 2025 bei ya RAM imepanda vibaya baada ya viwanda kuelekeza nguvu kwenye seva za akili mnemba, na DDR5 ndiyo iliyoumia hasa. Kama tayari una vijiti viwili vya DDR4 kutoka mashine ya zamani, bodi ya B550 na Ryzen 5 5600 inakupa mashine nzuri leo, na 5700X3D au 5800X3D ya mtumba baadaye. Ukianza sifuri bila RAM yoyote na pesa ipo, nenda AM5, soketi iliyoifuata AM4, na Ryzen 5 7600. AMD wameahidi kuendeleza soketi hiyo mpaka 2027 na kuendelea, na Ryzen 7000, 8000 na 9000 zote zinaingia. LGA1700 ya Intel ni nzuri kwa bei, ila fahamu kwamba safari yake iliishia kizazi cha 14. Na i7 au i9 ya mtumba ya kizazi cha 13 au 14 iogope: zilikuwa na hitilafu ya volti iliyokuja kurekebishwa kwa masasisho ya BIOS ya 2024, na sasisho halifufui iliyokwisha kuchakaa.

Chagua bodi ya B (B550, B650) badala ya A520 au A620 za bei ya chini kabisa. Tofauti iko kwenye saketi za kulisha prosesa. Zikiwa chache na bila vipande vya alumini juu yake, prosesa ya nyuzi (threads) 16 utakayoleta baada ya miaka mitatu itapunguza kasi yenyewe kwa joto. Saizi ya Micro-ATX, milimita 244 kwa 244, inatosha. Tafuta yenye nafasi mbili za M.2 (za SSD). Kwa B450 ya dukani uliza kama BIOS yake inazitambua Ryzen 5000, au kama ina kitufe cha kusasisha kwa flashi bila prosesa, la sivyo utakaa na mashine isiyotoa picha ukidhani umeuziwa kibovu.

RAM nunua vijiti viwili, si kimoja. GB 16 kama 8+8 zinapita mbali kijiti kimoja cha 16, hasa ukitumia prosesa za AMD za herufi G, zenye michoro ndani yake, bila kadi ya pembeni. Kwa DDR5 usipange kuongeza viwili vingine baadaye, kwani vijiti vinne kwenye AM5 hushusha kasi. Heri 16+16 mara moja. Na kuhusu hizo G: 5600G ni mwanzo mzuri kwa asiye na pesa ya kadi sasa, lakini 8500G inaiachia kadi njia nne tu za PCIe, kwa hiyo ukija kuweka kadi ya maana utaibana mwenyewe.

Kadi na kasha

Kadi ndiyo utakayobadilisha mara nyingi, hivyo usiumie kichwa kuipata ya kudumu. Angalia kumbukumbu. GB 8 ni ya chini kwa sasa kwenye 1080p, na mwenye kutaka kukaa muda mrefu atafute 12 au 16: RTX 3060 ya GB 12 kwa mtumba, Arc B580 ya GB 12, RX 9060 XT ya GB 16. Arc nzuri, lakini bila Resizable BAR kwenye BIOS (inayoruhusu prosesa kuifikia kumbukumbu yote ya kadi) inapoteza nguvu nyingi, kwa hiyo isahau kwenye mashine za zamani. Usinunue tena isiyo na vifaa vya ray tracing (uchoraji wa mwanga halisi), kama RX 580 au familia ya GTX. Indiana Jones ya 2024 na Doom: The Dark Ages ya 2025 hazifunguki rasmi bila hivyo.

Kadi ya mtumba ijaribu ukiwepo. Fungua kwanza GPU-Z, programu ya kusoma undani wa kadi. Kuna "1050 Ti" nyingi ambazo ndani ni chipu za GTS 450 au GTX 550 Ti zilizoandikwa upya BIOS, na programu hiyo huziwekea neno FAKE mbele ya jina. Kuna pia RX 580 2048SP, ambayo si feki lakini nguvu zake ni za 570. Kisha endesha gemu zito dakika 20. Nyota, mistari, au skrini nyeusi, rudisha.

Kasha: matundu mbele, si kioo kilichoziba. Feni mbili za kuingiza hewa, moja ya kutoa, na kichujio cha kuchomoka. Soma urefu wa kadi linalopokea na kimo cha hitisinki (kipoza joto cha prosesa). Kasha linalopokea milimita 160 za kimo na 330 za kadi halitakusumbua. Vumbi letu la kiangazi linajaza hitisinki kwa miezi mitatu, na Pwani hewa ya chumvi inashika kutu kwenye pini. Safisha kwa kipuliza huku umeshika mapanga ya feni yasizunguke.

Kwa umeme, UPS ya 650VA si wati 650. Ni 360 hadi 390 hivi. Na UPS nyingi za bei rahisi hutoa wimbi la mraba ambalo baadhi ya pawa saplai nzuri zenye PFC (saketi ya kusawazisha uvutaji wa umeme) hulikataa, mashine ikazima palepale umeme unapokatika, kana kwamba hakuna UPS. Chukua 1000VA kwenda juu, na kama unaweza, yenye wimbi safi.

Kabla hujasema mashine ni nzito

Angalia nyuma. Waya wa HDMI umechomekwa kwenye kadi au kwenye mazabodi? Hili linatokea kila siku, mtu kanunua kadi na hajawahi kuitumia. Kisha ingia BIOS uwashe XMP au EXPO (mpangilio wa kasi kamili ya RAM), maana RAM iliyoandikwa 3200 hukimbia 2133 au 2400 mpaka uambie vingine. Kisha Windows, mipangilio ya skrini: ya Hz 144 hubaki 60 usipoibadilisha.

Baada ya hapo ndipo pima kabla ya kununua. Washa programu ya MSI Afterburner ikionyesha matumizi ya kadi, kumbukumbu yake na fremu. Kadi ikiwa 97% au zaidi muda wote, yenyewe ndiyo kikomo, na prosesa mpya haitakupa kitu. Kadi ikiwa 60% na fremu bado ni chache, prosesa au RAM ndiyo inayovuta nyuma. Kumbukumbu ya kadi ikijaa hadi mwisho na gemu linashtukashtuka, shusha ubora wa tekscha kwanza kabla ya kuuza chochote.

Siku ya kubadilisha prosesa ya AM4, endesha gemu dakika kumi ili ubandi wa joto (thermal paste) ulainike, zima, chomoa umeme, kisha zungusha hitisinki kushoto na kulia polepole kabla ya kuinua. Ukiivuta moja kwa moja ikiwa baridi, prosesa inang'oka nayo kutoka soketini na pini zake zinapinda.

Ukiituma kwa basi, Dar hadi Mwanza au Mombasa hadi Nairobi, chomoa kadi ya michoro na hitisinki kubwa, zifunge peke yake. Kadi yenye uzito wa kilo inaning'inia kwenye tundu moja la plastiki, na matuta ya barabarani ni mengi.